Safari ya Kutafuta Santuri

Nia iliyonitoa Tanga kwenda Mombasa, na kutoka Mombasa kupanda bara hadi Nairobi, haikuwa biashara wala kuzuru jamaa. Nilikwenda kutafuta sahani za santuri za miaka ya 1960 na 1970, na katika hizo nilizitaka zaidi za vilabu vya taarabu vya mji wetu, Black Star na Lucky Star, ambavyo sauti ya Bi Shakila iliviinua hata vikasikilizwa mbali kupita mipaka ya Tanga. Asiyejua tarehe ya mambo haya huenda akastaajabu kwamba mtu wa Tanga avuke mpaka kwenda kutafuta nyimbo zilizotungwa na kuimbwa mitaani kwao, lakini sababu yake i dhahiri. Katika zama zile Tanzania haikuwa na kiwanda cha kugandamizia santuri, ilhali Nairobi ilikuwa nacho tangu miaka ya 1950. Kwa hiyo bendi zetu, ziwe zimerekodiwa katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam au na wafanyabiashara waliotoka Kenya, sauti zao zilisafiri katika kanda hadi Nairobi, zikarudi kwetu zimekuwa sahani. Black Star na Lucky Star walitolewa kwa lebo ya Mzuri, iliyokuwa mali ya duka la Assanand & Sons la Mombasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa hata mwaka 1983, njia ile ya kwenda na kurudi ilikatika, na kabla haijarejea sawasawa kaseti zilikuwa zimekwisha kulishika soko.

Nyimbo nyingi za wakati ule hazina tena kanda zao za asili. Nyingine zilifutwa ili kanda itumike tena, nyingine ziliharibika kwa joto, na nyingine zilipotea pamoja na maduka yaliyozihifadhi, hata sahani iliyosalia chini ya kitanda cha mtu ikawa ndiyo asili yenyewe. Kwa ajili hiyo sikubaliani na wale wanaodhani kwamba kupima ubora wa sauti ya santuri ni anasa ya matajiri wenye mitambo ya fahari. Anayechagua mbovu akaiacha nzima, na ile nzima baadaye ikatupwa jaani kwa kukosa mnunuzi, amesaidia kuupoteza wimbo ambao hakuna mtu awezaye kuuimba upya kama ulivyoimbwa siku ile.

Kwanza niliisaka Tanga yenyewe. Katika nyumba za Ngamiani nilipata sahani za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, lakini hewa yetu, yenye chumvi na unyevu, ilikuwa imezitenda vibaya: mifuko ya karatasi imegandamana na sahani, na ukungu mweupe umeota ndani ya mifuo, yaani mistari inayopitiwa na sindano. Ukungu huoshwa ukatoka, wala haunitishi. Kilichonisikitisha ni kingine. Katika nyumba moja bibi mwenye nyumba alinionyesha redio-gramu ya marehemu mumewe, na juu ya mkono wa sindano nikaona imebandikwa kwa utepe sarafu ya shilingi ya zamani.

"Ilikuwa ikiruka, mwanangu," akaniambia, "ndipo marehemu akaitia uzito, ikatulia."

Ilitulia kweli, lakini kwa gharama kubwa. Sindano za redio-gramu za aina ile zilikandamiza sahani kwa uzito wa gramu tano na zaidi hata kabla ya kuongezewa kitu, ilhali kinanda kizuri cha santuri cha leo hutosheka na gramu mbili au pungufu. Na sarafu ilipowekwa juu yake, kila wimbo uliochezwa ulikwanguliwa kuta za mifuo yake kidogo kidogo, hata ncha za sauti, yaani herufi kali za mwimbaji na mlio wa nyuzi, zikasagika. Sahani zote za nyumba ile zilikuwa nyeusi, safi, zimefungwa kwa adabu katika khanga, na hapakuwa na hata moja iliyofaa kusikilizwa. Nilimshukuru bibi, nikaagana naye bila kumwambia lililokuwa moyoni, kwani marehemu alizipenda sahani zake, na huo ulikuwa ndio mtindo wa majumba mengi wakati ule.

Safari ya kutoka Tanga hadi Horohoro, na kutoka Lunga Lunga hadi Likoni, haina mengi ya kusimulia ila mashamba ya minazi na vumbi. Nilivuka kivuko cha Likoni jua likiwa linatua, na usiku ule nililala kwa mwenyeji wangu karibu na Mji wa Kale.

Asubuhi alinipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa zamani fundi wa redio, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa hapendi wageni wamjazie baraza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kunikaribisha kitako. Na baada ya kahawa, na habari za Tanga, na kuulizana jamaa mpaka tulipopata mmoja tunayemjua sote, aliagiza sanduku lake liletwe. Nilikuwa nimezoea kuikagua sahani kwa kuiinua juani na kuigeuzageuza. Mzee aliniacha nifanye hivyo, kisha akanichukua ndani, akafunga dirisha, akawasha kurunzi ndogo na kuilaza ubavuni, ili mwanga upite juu ya uso wa sahani badala ya kuuangukia.

"Jua hung'arisha kila kitu," alisema. "Hebu tazama sasa."

Nikatazama. Sahani ambayo nje niliihesabu kuwa mpya ilikuwa na utepe wa rangi ya kijivu katika theluthi yake ya mwisho, karibu na lebo, na utepe ule ulikolea pale ambapo, kama tulivyosikia baadaye, tarumbeta zinapaza. Sababu yake ni ya hesabu. Sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika huzunguka kwa mwendo usiobadilika, lakini mfuo ulio ukingoni ni mrefu kuliko ulio karibu na katikati. Kwa hiyo mwanzo wa wimbo hupita chini ya sindano kwa kasi ya karibu sentimita 40 kwa sekunde, na mwisho wake kwa karibu sentimita 25. Sauti ile ile, ambayo mwanzoni imepewa nafasi ya kutosha, mwishoni imebanwa katika nafasi ndogo, na sindano nzito au iliyokwisha ncha hushindwa kuifuata mikunjo yake ikaikata. Tangu siku hiyo sikuinunua tena sahani kwa kusikiliza mwanzo wake. Huomba sindano ishushwe karibu na lebo, mahali ambapo aghalabu waimbaji wanaitikiana kwa nguvu na ala zote zinalia pamoja, kwa maana pakisalimika pale, kwingine kote kumesalimika.

Mikwaruzo mzee aliipima kwa mkono kuliko kwa jicho. Aliupitisha ukucha kwa wepesi kukatisha mkwaruzo: usioushika ukucha, alisema, mara nyingi hausikiki, na unaoushika utagonga kila mzunguko. Kugonga huko kuna kipimo chake, kwa kuwa mzunguko mmoja wa sahani ya 45 huchukua sekunde moja na theluthi, na wa sahani kubwa ya mizunguko 33 na theluthi huchukua sekunde moja na sehemu nane za kumi. Kelele inayorudi kwa kipimo hicho ni jeraha la sahani, na ile isiyo na kipimo ni uchafu au umeme wa vumbi. Katika sahani kubwa alitazama pia lebo, kuzunguka tundu la katikati, akitafuta vijistari vinavyobaki pale ncha ya chuma inapogusa karatasi kabla ya kuingia tunduni. Vijistari vingi ni shahada ya kuchezwa sana, hata kama mwenye sahani anaapa kuwa haikutoka mfukoni.

Katika sanduku lile mlikuwa na sahani za mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, ambaye alifariki kwa ajali ya gari Mombasa hiyo hiyo mwezi wa Januari 1979, na zote zilikuwa zimeliwa na sindano. Nilimwuliza mzee kama amepata kuona moja iliyo safi. Akanijibu kwa maneno ambayo sikuyatia maanani wakati ule kwa kadiri yalivyostahili: kwamba wimbo uliopendwa na kila mtu, ukiukuta katika sahani isiyo na alama hata moja, usifurahi upesi, bali ujiulize ni nini kilichomfanya mwenyewe asiicheze.

Chini kabisa, ndani ya kitambaa, alikuwa ameweka sahani moja ya mizunguko 78 yenye chapa ya His Master's Voice, sauti ya Siti binti Saad, aliyesafiri na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 ili wakarekodiwe, na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Ukingo wake ulikuwa umemeguka kipande cha upana wa kidole gumba. Sahani za namna hiyo si za plastiki. Zilifanywa kwa lakiri, yaani utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe, na kwa hiyo ni nzito, ngumu, na huvunjika kama kigae. Mifuo yake ni mipana, nayo yataka sindano iliyo nene mara tatu kuliko ya sahani za baadaye. Ukiicheza kwa sindano nyembamba, ncha huzama chini kabisa ya mfuo na kuzoa taka iliyojikusanya huko, ukadhani sahani imekufa kumbe umeikosea chombo. Mzee alinionya pia juu ya jambo ambalo nakiri linafaa kuandikwa popote yanapoandikwa mambo haya: sahani ya plastiki inaweza kupanguswa kwa spiriti iliyozimuliwa na maji isidhurike, lakini sahani ya kale ya lakiri huyeyushwa na spiriti, na mtu mwenye nia njema anaweza kuufuta wimbo wa mwaka 1928 kwa kitambaa kimoja. Hizi huoshwa kwa maji safi na sabuni kidogo, lebo ikikingwa, na kukaushwa upesi.

Hakutaka kuiuza, wala mimi sikuthubutu kumtajia bei. Aliniuzia sahani tatu nyingine kwa thamani ya haki, akanielekeza Nairobi.

Niliondoka Miritini kwa treni ya saa mbili asubuhi, nikazipakata sahani zangu zikiwa zimesimama wima, kwa kuwa zikilazwa moja juu ya moja hugandamizana, na zikiachwa dirishani palipo jua hupinda zikawa mawimbi. Tulipita Voi na Mtito Andei, nami sikuona haja ya kulala wala ya kutazama nje. Nilikuwa nikisoma kwa kioo cha kukuzia namba zilizokwaruzwa katika ukingo mtupu ulio baina ya mwisho wa wimbo na lebo. Lebo hubandikwa kwa mkono wa mtu na huweza kukosewa, na nimepata kuona sahani iliyovaa lebo ya upande mmoja pande zote mbili. Lakini namba ile hutiwa katika bamba la asili kabla ya kalibu kutengenezwa, nayo haisemi uongo kuhusu wimbo uliomo.

Nairobi nilianza River Road na Tom Mboya Street, mitaa iliyokuwa moyo wa biashara ya muziki wa Kenya, na ambako duka la Melodica, lililofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, limedumu wakati mengi mengine yamegeuka kuwa ya simu na nguo. Niliyoyapata huko ni mazuri lakini machache kwa mtu wa taarabu, kwani soko la bara lilipenda rumba na benga. Nikaelekezwa Kenyatta Market, mahali panapojulikana zaidi kwa nyama ya kuchoma na kwa wasusi wa nywele, na ambapo, katikati ya moshi na vicheko vya wanawake wanaosukwa, kuna kibanda ambacho sahani zimepangwa kutoka sakafuni hadi darini.

Mwenye kibanda alikuwa mtu wa makamo, mwenye utulivu wa mtu asiyemshawishi mteja. Nilipotaja Mzuri na Tanga hakuuliza mara mbili. Aliingia nyuma akatoka na nakala mbili za sahani moja ya Lucky Star, wimbo ambao nilikuwa nikiusikia utotoni kutoka redio ya jirani, akaziweka mbele yangu bila neno. Moja ilikuwa ya kumeta, lebo yake haijachujuka, mfuko wake wa karatasi bado mkavu. Nyingine ilikuwa na rangi ya kijivu, mikwaruzo ya kila upande, na jina la mtu limeandikwa kwa kalamu ya wino juu ya lebo. Bei ya ile ya kwanza ilikuwa mara tatu ya bei ya pili.

"Tusikilize zote, mzee?" akauliza.

Tulianza na ile ya kumeta. Kimya cha mwanzo kilikuwa kimya kweli, bila vumbi, nami moyo ulinidunda. Fidla ziliingia safi, na Bi Shakila akatoa ubeti wa kwanza. Ndipo kukazuka chini ya sauti yake mchaniko, kama wa kitambaa kinachopasuliwa, ukaja, ukatoweka, ukarudi kwa kipimo kile kile cha sekunde moja na theluthi, na kila uliporudi ulizidi kumfunika mwimbaji. Mwenye kibanda aliinua sindano, akailaza sahani chini ya taa, akanionyesha kwa ncha ya kalamu: baina ya mifuo iliyong'aa palikuwa na mstari mwembamba wa nukta hafifu, ambao nisingeuona peke yangu. Hapo sahani ilipokuwa ikigandamizwa, plastiki haikuijaza kalibu yote kabla haijapoa, na mfuo ukazaliwa na mapengo. Hakuna maji, wala sabuni, wala sindano iwezayo kulijaza pengo ambalo halikuwa na plastiki tangu siku ya kwanza. Nikaelewa kwa nini mfuko ulikuwa mkavu na lebo haijachujuka: aliyeinunua zamani aliicheza, akaona hasira, akaiweka. Maneno ya mzee wa Mombasa yalinirudia yote.

Ile ya kijivu, iliposhushiwa sindano, ilianza kwa kuchakacha kiasi cha kukatisha tamaa. Mwenye kibanda hakuitoa. Aliisimamisha, akaiosha kwa brashi laini na maji aliyoyatia tone la sabuni, akaisuuza kwa maji yaliyochujwa, akaikausha. Kisha akafanya mambo mawili ambayo yalinifundisha zaidi ya yote niliyoyajua. La kwanza, alibonyeza kitufe cha kuunganisha njia mbili za sauti kuwa moja. Sahani zile zilirekodiwa kwa njia moja, wimbo wake wote umo katika mwendo wa sindano kwenda kushoto na kulia, na kelele nyingi za uchakavu zimo katika mwendo wa kupanda na kushuka; njia mbili zikiunganishwa, mwendo wa kupanda na kushuka hujifuta wenyewe. La pili, alibadili kichwa cha mkono, akaweka chenye sindano nene kidogo. Sindano nyembamba hupita mle mle zilimopita za zamani na kusoma jeraha. Iliyo nene hukaa juu zaidi katika kuta za mfuo, ambako sindano za miaka ile hazikufika, na ambako sauti ya mwaka wa kugandamizwa bado imesimama.

Kuchakacha hakukwisha, na sitaki kumdanganya msomaji kwamba kulikwisha. Lakini kulirudi nyuma, kukabaki kando, na sauti ya Bi Shakila ikaja mbele ikiwa nzima, na pumzi zake baina ya mishororo, na kidole cha mpiga ngoma kikigusa ngozi kabla ya kupiga. Tulishusha sindano karibu na lebo, mahali pa kuitikia. Sauti zilipaza kwa pamoja wala hazikupasuka. Palikuwa na mkwaruzo mmoja uliogonga mizunguko kadhaa katikati, kisha ukaondoka. Sauti iliyumba kidogo pia, kwa kuwa tundu la katikati lilikuwa limekosewa kidogo, lakini hilo lina dawa: tundu hukwanguliwa kwa tupa ndogo upande mmoja, na sahani ikasogezwa mpaka mkono wa sindano uache kuyumba.

Niliichagua ile ya kijivu, na nikalipa bei aliyoitaja bila kuomba apunguze, maana kazi aliyoifanya mbele yangu ilikuwa na thamani kupita sahani yenyewe. Nilimwomba pia asimwuzie mtu ile ya kumeta bila kumwonyesha mstari wake wa nukta. Alicheka, akachukua kalamu ya risasi, akaandika juu ya mfuko wake neno "kasoro" na kuchora mshale, kisha akaishusha bei yake hadi chini ya ile niliyoinunua mimi, akisema kwamba lebo yake ni nzuri na huenda mtu akaitaka kwa ajili ya picha.

Kabla ya kuondoka alinipa karatasi yenye majina ya sahani za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz anazozitafuta kwa wateja wake wa Nairobi na wa ng'ambo, akataka kujua kama Tanga bado zipo. Nilimjibu kwamba zipo, ila nyingi zina ukungu na nyingine zimeliwa. Tulikubaliana kwamba nitampelekea zile tu ambazo nimezitazama kwa kurunzi katika chumba kilichofungwa na kuzisikiliza karibu na lebo, na kwamba yeye kwa upande wake atanitunzia kila sahani ya Mzuri itakayopita mikononi mwake, nzuri na mbaya, mpaka nitakaporudi.